Rivyu ya fundi wa vibao wa Ng'ambo: vibao viwili, mshale mmoja ukaelekea mihogoni

Nilimuahidi fundi kwamba vibao vyake vikimaliza masika na vuli bila kumenyuka rangi ntamuandikia rivyu, vimemaliza, kwa hiyo hii hapa. Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana ntaieleza huko mbele na mkiisikia mtasema mie mpole sana, mwengine angebana tatu na kesi juu.

Kwanza mnijue kidogo. Mie nina hoteli Mkokotoni, si hoteli ya kulala jamani, hoteli ya kula, asubuhi chai ya tangawizi na chapati na maharage, mchana wali wa nazi na samaki wa kukaanga au chukuchuku kwa anayetaka cha kunywa kwa ndimu, samaki nawatoa hapo hapo bandarini asubuhi vyombo vikishusha. Jina la hoteli silitaji isije ikawa nimekuja kujitangaza kwa mgongo wa fundi. Sasa Mkokotoni anayeijua anaijua, ndio makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, soko lipo, bandari ya kuvukia Tumbatu ipo, lakini gari za wageni zinazokwenda Nungwi nyingi zinakamata Kinyasini, Kivunge, Mkwajuni, hao wanapotea zao juu, sisi tumebaki pembeni kama kisahani cha achari. Ilipotengenezwa barabara ya Bububu–Mahonda–Mkokotoni, kilomita 31, mkeka mtupu, nikasema sasa riziki imefunguka, na kweli watu wa mjini wanafika kuliko zamani, ila mgeni wa Nungwi dereva wake keshazoea njia yake na sikio lake linajua neno moja tu, Nungwi.

Ukitaka kujua jina moja linavyoyala majina mengine itazame daladala. 116 imeandikwa Nungwi. Vijiji vyote inavyopita huko njiani hakuna hata kimoja kilichopata nafasi kwenye kibao cha mbele. Ya kwetu 101 imeandikwa Mkokotoni kwa sababu tu ndio mwisho wake, ingekuwa inaendelea hata skuli mbili mbele na sisi tungemezwa. Wa katikati wanatajwa na konda, tena akitaka.

Basi nikaamua niweke kibao pale njia panda ya kuingilia kwetu, kwenye pembe ya shamba la mzee mmoja, nje ya hifadhi ya barabara kabisa, manake kibao ukikiweka ndani ya hifadhi siku wakija kusafisha wanakibeba na hakuna wa kumlaumu. Mzee nikenda kumuomba, sheha nikamjuulisha, mzee akakubali kwa sharti la samaki kila Ijumaa. Mpaka leo nampelekea, na akikosa samaki changu hanuni, ila akipata dagaa ananuna.

Fundi nilielekezwa na binamu yangu. Maelekezo yenyewe yalikuwa hivi: shuka Michenzani, upe mgongo mnara, ingia uchochoro wa pili baada ya duka la matangi, uliza fundi wa vibao. Nikafika nikapita mlangoni kwake mara mbili simuoni, kwa nini, kwa sababu fundi wa vibao hana kibao! Wallahi hana hata stika. Nikamwambia fundi wewe vipi, akacheka akasema mganga hajigangi, na isitoshe wewe si umefika. Hapo nilimuona mjeuri lakini lile jawabu nimelitafakari sana baadae.

Nikamtolea karatasi yangu nilioandika nyumbani kwa ufahari. Ilikuwa na "Karibuni sana", jina la hoteli, Mkokotoni, vyakula vya asili vya Kizanzibari, samaki freshi kila siku, juisi aina zote, namba mbili za simu, na chini jina la mtaa na namba ya nyumba ile ya anwani za makazi. Akaisoma kimya, akahesabu maneno kwa vidole mpaka vidole vikaisha, akauliza, "Dada, hiki unataka kisomwe na nani?" Nikamwambia na kila mtu. Akasema, "Kila mtu hayupo barabarani. Barabarani yupo dereva, na huyo dereva ana gari inakwenda."

Hapa ndipo alipoichukua nyota ya kwanza. Alikamata kipande cha bati cha zamani, akapiga mistari miwili kwa uzi wenye chaki, ule uzi unauvuta unauachia unapiga pa, unabaki mstari ulionyooka kuliko rula, akaandika SAMAKI kwa herufi za inchi nne, akaliegemeza bati ukutani akaniambia nenda kinyumenyume huku unasoma, hesabu hatua, ukishindwa kusoma sema. Nikaenda kinyumenyume uchochoroni kama mwendawazimu, watoto wananicheka, nimefika hatua arubaini na ngapi hivi herufi zikaanza kugandana. Akasema ndio hesabu yake, inchi moja hatua kumi, hajafundishwa na mtu, kaipata kwa kuharibu kazi za watu. Usiku nyumbani mwanangu akaipigia hesabu kwenye simu, hatua arubaini tuseme mita 30, gari ikenda spidi 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde, maana yake dereva ana chini ya sekunde mbili za kusoma kibao chote. Na mie nimemuandikia karibu risala! Ukitaka sekunde tatu na nusu unahitaji herufi za inchi nane, na herufi za inchi nane kwenye bati zinaingia maneno machache tu, basi.

Kwa hiyo suali likawa maneno gani. Na hapo tukakaa, chai mbili zikanywewa.

La kwanza alilolifuta ni jina la mtaa. Nikambishia, nikamwambia hilo ndilo jina rasmi, limo mpaka kwenye mfumo. Mnakumbuka ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, ilipotakiwa kila njia iwe na jina na kila nyumba namba na postikodi, za huku kwetu Zanzibar zinaanza na 7. Mie nilikuwepo kwenye kikao cha mtaani kwetu kwa hiyo msinisimulie. Kwanza likatajwa jina la marehemu mmoja aliyekuwa mvuvi mkubwa, nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakainamisha vichwa, akanyanyuka mtu akasema na babu yetu je, yeye ndiye aliyechimba kisima. Wakaanza kuhesabiana makaburi. Kisima kikataka kuwa jina, wakasema kisima kina ugomvi wake. Kaja mwengine anataka jina la kiongozi, wakamwambia huyo keshapewa njia kila pahala, mtu akipiga simu gari ya wagonjwa itakwenda kijiji chengine. Mwisho likapita jina la mti, mkungu uliokuwa pale zamani, kila mtu akaridhika, manake mti hauna ndugu wa kununa. Mti wenyewe ulishakatwa kitambo.

Fundi akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Sasa ukiwa ndani ya daladala unarudi kwako, unamwambia konda akushushe kwa jina hilo?" Nikanyamaza. Namwambia konda bandarini, au kwa mpemba muuza mafuta, mpemba mwenyewe alihama zamani na duka sasa la simu.

Akasema kwenye kazi yake majina yapo mawili, kuna jina la kuandikia na kuna jina la kushukia. La kuandikia linakaa kwenye barua, kwenye mita ya umeme, kwenye fomu. La kushukia ni lile ukilitoa ndani ya gari iliyojaa, redio juu, mtoto analia, konda analisikia na anagonga bodi. Akanipa mfano wa mteja wake wa mjini, kamuandikia duka "Benjamin Mkapa Road" kama alivyotaka mwenyewe, jina zuri la hayati rais, wateja wakawa wanapiga simu wanauliza ndio wapi huko, anajibu Creek Road, vijana wa sasa hawaelewi, anasema Darajani, "Aaaah Darajani si useme!" Pahala pamoja majina matatu. Na mkikaa mkizingatia, Creek ilikuwa mkono wa bahari, umejazwa kifusi umekuwa barabara, daraja lililoipa jina Darajani halipo, na upande wa pili tunauita Ng'ambo mpaka leo, ng'ambo ya maji gani hakuna anayeuliza. Kwa upande wangu nimeolewa Ng'ambo miaka sita sikuwahi kujiuliza mpaka siku ile kwa fundi.

Na hayo ya kushukia hayajachaguliwa na kikao chochote. Bububu kuna wanaosema ni mlio wa ile treni ya 1905 iliyokuwa ikitoka mjini mpaka pale, kuna wanaosema treni imelikuta jina pale pale, ni maji ya chemchem yanavyobubujika, na wote wawili wakipanda gari wanashuka Bububu bila ya ugomvi. Mkunazini, Mwembeladu, Kwa Biziredi, Kajificheni. Jaribu kuzipangua kwa kikao uone. Gizenga ni mtaa maarufu Mji Mkongwe, wageni wote wanaujua kwa maduka ya vinyago, lakini muulize kijana anayeuza pale Gizenga ni nani, atakwambia labda mwenye nyumba. Alikuwa mwanasiasa wa Kongo.

Msinifahamu vibaya, zile anwani mie sizipingi, namba ya nyumba yangu naipenda na naifuta vumbi. Siku jirani alipougua usiku wa manane ile namba ndiyo iliyomleta dereva asiyekuwa wa huku. Ila haikai kwenye kibao cha njia panda, maana ya yule anayekutafuta wewe tayari, na mie kibao nakitaka kwa ajili ya mtu ambaye hanitafuti kabisa.

Sasa "Mkokotoni" nayo je? Hii ilinichoma. Nilitaka iwe kubwa kuliko yote, ni mji wetu, mkoa mzima makao yake hapa halafu mtu anapita hajui. Fundi akasema anayekwenda Nungwi ukimuandikia Mkokotoni umemwambia kitu kimoja tu, kwamba hii si njia yake. Atakanyaga mafuta. Nikaona hanielewi uchungu wangu nikamrikodia voisi shemeji yangu, mume wa dada, yuko Marekani anaendesha lori miaka mingi, nikamuuliza huko miji iliyopitwa na barabara kubwa inafanyaje na vibao.

Akanirudishia voisi ya dakika kumi na moja, huyu bwana akiwa kwenye lori hana wa kuzungumza nae. Kasema kule njia kuu kila moja ina orodha ya miji ya kuelekezea, kwenye vibao vikubwa wanaandika hiyo tu ili dereva afuate jina lile lile safari nzima, na vijiji vya kati kati vinapata kibao kidogo kwenye mchepuko wao. Na si lazima mji wa kuelekezea uwe mkubwa. Iko njia inaitwa I-70, ukianza kuikamata Baltimore unakuta kibao cha masafa kimeandikwa Columbus, St. Louis, Denver, halafu Cove Fort maili 2,200. Anasema yeye mwaka wa kwanza alidhani Cove Fort ni kama Dar es Salaam. Kafika, kakuta ngome ndogo ya mawe ya 1867 na upepo. Imeandikwa kwa sababu njia inaishia pale, basi, kama Nungwi yetu enzi hizo haina hoteli hata moja na gari bado zinaandikwa Nungwi.

Na ile iliyopitwa? Anasema barabara ya zamani inayoingia ndani ya mji mara nyingi inabakishiwa namba ile ile ya njia kuu lakini kibao kinakuwa cha kijani na juu kimeandikwa Business, yaani pita huku ndiko kwenye maduka, ukimaliza utarudishwa njiani. Mie hapo nikasimamisha voisi nikairudia. Kibao hakimwambii mtu "njoo Williams", kinamwambia "huku kuna kula na utarudi njiani". Williams ni mji alionitajia, uko Arizona, ndio wa mwisho kupitwa kwenye ile njia yao ya zamani, Route 66, Oktoba 1984, mwaka wa pili yake njia yenyewe ikafutwa kwenye orodha rasmi, na watu wa pale badala ya kung'ang'ania jina la mji wao wameng'ang'ania jina la njia iliyokufa, vibao vya rangi ya udongo kila kona, na wageni wanaingia kwa ajili ya kibao.

Nikarudi kwa fundi nimepoa. Jina la mji likatoka. Jina la hoteli likatoka pia, nililia kimoyomoyo, karibuni sana ikatoka, juisi zikatoka. Kikabaki hivi: mstari wa kwanza "Samaki wa kukaanga", wa pili "Bandarini, dakika 5", na mshale. Kwenye dakika tukabishana tena, mie nataka kilomita, nikaona kitaalamu, yeye akasema dereva mwenye wageni hahesabu kilomita, anahesabu atachelewa kiasi gani, na kilomita hazimwambii kama njia ina mashimo. Dakika zinamwambia vyote viwili. Nikaikubali. Na mlango wa hoteli kikawekwa kibao cha pili, hicho ndicho kilichobeba jina, simu, mtaa, namba, juisi, mambo yote, maana mtu akifika pale keshasimama ana muda wa kusoma hata khutba.

Kiingereza hatukuweka. Watu wengi wamenilaumu kwa hili, wageni wanasomaje? Wageni hawaendeshi, anaendesha kijana wa Kwerekwe au wa Fuoni na yeye ndiye anayeamua wapi wakale, na wale wachache wanaoendesha wenyewe fundi kawachorea samaki. Huyu samaki sasa! Nilimwambia chora samaki nikitegemea ile picha ya samaki kama jani lenye jicho, kachora changu na magamba yake na mapezi na ile rangi yake, mpaka wavuvi wa bandarini wamesimama mbele ya kibao wanabishana, mmoja anasema huyu changu, mmoja anasema mdomo ule wa tasi, mpaka leo haijaisha. Mie nilimlipa kwa ajili ya changu.

Na hili la herufi kubwa na ndogo nilisahau. Nilitaka herufi kubwa tupu, zinaonekana rasmi, yeye kakataa, kaanza na kubwa halafu ndogo, anasema neno la herufi kubwa tupu kwa mbali linakuwa tofali, la ndogo linabaki na vichwa na mikia jicho linalishika kabla halijasomwa. Mwanangu akaenda kutafuta akakuta Waingereza walifika hapo hapo, walipofungua barabara yao ya mwanzo ya mwendo kasi Disemba 1958, nayo ilikuwa ya kuuzunguka mji wa Preston, wakajaribishia vibao vipya vya bwana mmoja Jock Kinneir vya herufi kubwa na ndogo, ikawa ndio mtindo wao. Nikamsomea fundi. Kasema, "Walikuja kuniuliza?" na akaendelea kupaka.

Haya, nyota iliyopungua.

Kwanza Ijumaa. Aliniambia njoo Ijumaa. Nimekwenda Ijumaa, kasema praima haijakauka. Ijumaa ya pili umeme hakuna, fundi wa kuchomea nguzo hajachoma. Ijumaa ya tatu kibao kipo lakini yeye hayupo, kenda harusini Pemba na ufunguo. Hilo nimesamehe, fundi asiyesema Ijumaa hajazaliwa.

La pili sijasamehe vizuri. Kibao cha njia panda kinasomwa pande mbili, gari zinazotoka mjini na zinazorudi kutoka Nungwi. Sasa fikirini wenyewe, bandari iko pahala pamoja haihami, kwa hiyo upande huu mshale ukiangalia kushoto upande wa pili lazima uangalie kulia. Fundi wangu bingwa wa hesabu za hatua na sekunde kachora upande mmoja, kapendezewa nao, kageuza bati, kachora vile vile kwa vile vile. Mshale kushoto huku na kushoto kule! Mie sikuona, nimekitazama kimelala kwenye gari ya ng'ombe upande mmoja juu, tukakisimamisha, tukakitilia zege, tukapiga picha, nikarudi hoteli kukaanga.

Siku ya tatu kaja mwanawe yule mzee wa shamba anakimbia, Bi njoo kuna gari ya wageni imekwama kwenye mihogo yetu. Nikenda. Ilikuwa basi dogo jeupe, limeingia njia ya shamba ya upande wa pili, njia ya kupitia gari ya ng'ombe, limekwenda limekwenda mpaka matuta ya mihogo, tairi ya nyuma imezama, wageni wameshuka wanapiga picha wamefurahi kwelikweli wanadhani ndio sehemu ya ziara, dereva kavua kofia ananiangalia. Kaniuliza, "Bi mkubwa, bandari iko wapi humu?" Yaani ningekuwa kaa ningeingia shimoni. Tukaisukuma watu wanane, nikawachukua wote nikawalisha bure, mzee nikamlipa mihogo mashina kumi na tatu kayahesabu moja moja, na samaki wa Ijumaa wakawa wawili kwa mwezi mzima.

Nikampigia fundi. Sifa yake hii nampa, hakubisha hata kidogo. Kesho yake asubuhi kapanda 101 na kopo lake la rangi na tapentaini, kafika kabla sijafungua, kapanda ngazi, kaufuta mshale wa upande wa Nungwi kaugeuza, kakaa mpaka ukakauka mkononi, halafu kaenda njiani akatembea kutoka upande mmoja na kutoka upande wa pili mwenyewe huku kanyoosha mkono kila mara upande wa bandari, kama mtu anayefundishwa kuswali upya. Kala, kalipa. Nilimkatalia pesa, akaiacha chini ya kisahani.

Ubora wa kazi: bati zito, si lile la kupiga kidole likalia, praima mpaka kwenye kingo na nyuma ya tundu za misumari ambako wengi wanasahau na ndiko kutu inakoanzia, na sisi hapa chumvi ya bahari inakula mpaka masufuria. Masika imepiga, jua limepiga, vuli imepiga, nyekundu ya herufi imepauka kidogo upande wa magharibi, samaki yuko vile vile. Bei kwa vyote viwili na nguzo nimelipa laki mbili na ishirini, mjini nilitajiwa na duka la stika za kuprinti laki moja na nusu, za stika zinapendeza wiki ya mwanzo halafu zinaanza kunyanyuka pembe kama chapati iliyosahauliwa juani. Usafiri juu yako. Simu anapokea akitaka.

Kama biashara imeongezeka? Madereva wawili watatu sasa wanasimama kwa mazoea bila ya kukitazama kibao, na juzi mmoja kamwambia mwenzake kwa simu mbele yangu, "Nipo hapa kwa samaki wa kibao." Sikumsahihisha. Jina la hoteli nililolifikiria wiki mbili na kulilipia usajili, wao wanaita kwa samaki wa kibao, na nimemsikia konda wa 101 nae akimshusha mtu kwa jina hilo hilo.

Unayetaka kumtafuta shuka Michenzani, upe mgongo mnara, uchochoro wa pili baada ya duka la matangi, mlango wa kijani uliopauka, uliza fundi wa vibao. Ukienda na kazi ya pande mbili simama nae mpaka achore mishale yote miwili usiondoke hata kwa sala ya jamaa, sali hapo hapo. Mie nimeshampa cha tatu, cha kuweka upande wa Mahonda kwa watu wanaotoka mjini, na safari hii nimempa neno moja tu na samaki. Kasema njoo Ijumaa.